Silabi iliyomezwa: neno "business" na maana zake

Andika neno "business" ubaoni, kisha uliza darasa lina silabi ngapi. Wengi watajibu tatu, kwa kuwa irabu zinazoonekana ni tatu: u, i na e. Wachache watasema nne, maana wao hulitamka "bi-zi-ne-si". Jibu ni mbili: BIZ-nis. Ile "i" ya katikati imebaki kwenye karatasi peke yake. Mdomoni ilikwisha kumezwa zamani.

Unaweza kusema hayo ni mambo madogo, ya walimu wa matamshi. Mimi sioni hivyo. Neno hili ni mtoto wa "busy", yaani mwenye shughuli nyingi, au bize kama tunavyosema mitaani. Silabi ilimezwa, mtoto akaacha kufanana na mzazi wake, na maana nazo zikaachana. Ukijua mahali walipoachana, hutashangaa tena kwa nini neno unaloambiwa ni "biashara" linatokea bungeni, kwenye ajenda za vikao, kwenye ugomvi wa majirani na hata chooni.

Tuanze na sauti. Mswahili anayesema "bizinesi" si mzembe. Sikio lake limekulia kwenye silabi wazi, zinazoishia na irabu: ka-la-mu, ba-ha-ri, bi-a-sha-ra. Konsonanti zisizozoeana zikikutana tunazichomekea irabu, na neno likitaka kufungwa na konsonanti tunaliongezea mkia. Ndivyo "driver" alivyogeuka dereva, "shirt" ikawa shati, na "club" ikawa klabu kwa watu wa mpira na kilabu kwa watu wa pombe. Hata ushairi wetu wa jadi umesimama juu ya kawaida hiyo. Tarbia huwa na mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, utenzi huwa na mizani nane, na kila mizani ni silabi inayosikika. Ukilitia neno hili ndani ya shairi kwa umbo la "bizinesi", litakula mizani nne. Mwingereza angelitoza mbili.

Lililo zito kuliko idadi ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema bizi-NE-si. Kiingereza huuweka mwanzoni kabisa: BIZ-nis. Sikio la Mwingereza hulitambua neno kwa kuufuata mkazo kwanza, na irabu ya ziada huisamehe. Mtu akisema BIZ-i-nes, ataeleweka bila taabu. Akisema bizi-NES, msikilizaji anaweza kusita kidogo akitafuta neno gani limetajwa. Kama una muda wa kurekebisha kosa moja tu, rekebisha hilo la mkazo.

Kamusi nzuri hukuonyesha hayo yote kwa alama: ˈbɪznəs, au ˈbɪznɪs. Kile kistari cha juu mwanzoni kinasema "mkazo unaanzia hapa". Alama ya "e" iliyopinduliwa ni irabu hafifu, ile sauti ya mdomo uliolegea ambayo Kiswahili sanifu hakina. Wapo wanaoitamka kwa irabu hiyo na wapo wanaotamka "i" fupi, zote sawa. Angalia pia kwamba "s" ya kwanza husikika "z", na zile mbili za mwisho husikika "s" moja. Anayesema "bisnes" anakosea hapo. Na ukifika ukingoni mwa mstari ukalazimika kulikata neno, vitabu vya Kiingereza hulikata "busi-ness". Mkato huo ni wa wachapaji na hauhusiani sana na mdomo. Wengi huuona huo mkato, wakatamka "busi" kama nusu ya kwanza, na hesabu ikaharibika tena.

Kwa nini Waingereza waimeze silabi? Kwa sababu lugha yao huigawa nguvu bila usawa. Silabi yenye mkazo hupewa pumzi nyingi, zilizobaki hugawana makombo. Irabu iliyobanwa kati ya silabi nzito na silabi nyingine hufifia, kisha hupotea. "Wednesday" huandikwa kana kwamba ina silabi tatu, husemwa "Wenz-dei". "Chocolate" husemwa "chok-lit", "every" husemwa "ev-ri", "vegetable" hupunguka kutoka nne hadi tatu, "comfortable" vivyo hivyo. "Medicine" huwa mbili kwa Waingereza wengi na tatu kwa Wamarekani. Swahiba wangu mmoja, mwalimu, huwaambia wanafunzi waweke kiganja chini ya kidevu na kuhesabu mara kinaposhuka. Njia hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: lazima uwe tayari unalitamka neno wanavyolitamka wenyewe. Ukilitamka Kiswahili, kidevu kitakupa hesabu ya Kiswahili.

Ila kuna jambo la kushangaza. "Happy" huzaa "happiness", na "happiness" bado ina silabi tatu. "Lazy" huzaa "laziness", tatu vilevile. Hata ndugu wa karibu wa neno letu, "busily", amebaki na silabi zake tatu. Umbo ni lilelile: sifa inayoishia na y, kisha kiambishi. Mbona "business" peke yake ndiyo iliyomeza? Huenda jibu ni kwamba anayesema "happiness" bado anamwona "happy" ndani yake, na neno linaloonekana ndani hulindwa lisichakae. Anayesema "business" hamwoni tena "busy". Anaona jambo au kazi, na leo duka, ofisi, hundi. Sauti ya katikati haikuwa na kazi tena ya kumkumbusha mtu chochote, basi ikaachiwa iende.

Kwamba wakati fulani ilikuwepo, tuna shahidi, na shahidi huyo ni mizani. Katika tamthilia ya Richard II, iliyoandikwa na Shakespeare karibu na mwaka 1595, mfalme anatoa amri kabla ya kwenda vitani Ireland, na mshororo mmoja unasomeka: "To see this business. To-morrow next". Mishororo ya aina hiyo hutaka silabi kumi. Hesabu kwa matamshi ya leo, utapata tisa. Lisome neno letu kwa silabi tatu, bi-zi-nes, na kumi inatimia. Kwingineko katika tamthilia zake neno hilohilo linakaa vizuri kwa silabi mbili. Maana yake ni kwamba wakati huo watu walikuwa wakiyasikia matamshi yote mawili, na mshairi alichukua lile lililomfaa. Anayejua jinsi malenga wetu wanavyofupisha na kurefusha maneno ili mizani itimie ataielewa mbinu hiyo bila kufafanuliwa.

Nitaje haraka ile "u", maana huwakera wengi. Kwa nini "busy" na "business" ziandikwe kwa "u" ilhali husemwa kwa "i"? Katika Kiingereza cha zamani neno lilikuwa "bisig", na Waholanzi mpaka leo wana ndugu yake, "bezig". Katika karne za kati, lahaja za England ziliachana: sauti moja ya zamani iliandikwa kwa "u" upande wa magharibi, ikasemwa "i" upande wa mashariki na kaskazini, na "e" kule Kent kusini-mashariki. Tahajia ilipokuja kutulia, neno hili lilichukua maandishi ya magharibi na matamshi ya mashariki. Jirani yake "bury", yaani kuzika, lilichukua maandishi ya magharibi na matamshi ya Kent, ndiyo maana husemwa "beri". Hakuna kanuni ya kukariri hapo. Yanajifunzwa hivyohivyo yalivyo.

Sasa maana. Kiambishi "-ness" hufanya kazi inayofanana na "u-" yetu ya dhana: mwema, wema, mvivu, uvivu. Kwa hiyo "business", kwa kuzaliwa, ni hali ya kuwa na shughuli. Na katika Kiingereza cha kale cha Northumbria, kaskazini mwa England, ilibeba uzito zaidi ya huo: mahangaiko, wasiwasi, moyo usiotulia. Hakukuwa na pesa ndani yake. Kutoka hapo ikasogea kuwa bidii, kisha jambo linalomshughulisha mtu, kisha kazi yake ya kila siku. Maana ya kununua na kuuza ilikuja kushika nafasi baadaye, kuanzia karne ya 18, Uingereza ilipokuwa ikijaa wafanyabiashara, mabenki na makampuni ya meli.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilinasa neno likiwa bado njiani. Warumi 12:11 inasema humo "not slothful in business". Mhubiri wa leo akiusoma mstari huo kwa Kiingereza anaweza kudhani Paulo anawahimiza Warumi wafungue maduka. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya Kiswahili hawakunaswa, kwa sababu walikuwa na maana ya Kigiriki mbele yao: mstari wao unaanza kwa "kwa bidii". Katika 1 Wathesalonike 4:11, Kiingereza cha 1611 kinawataka waumini wafanye "your own business", na Kiswahili kinasema watende shughuli zao. Bidii na shughuli: hizo ndizo maana za zamani, na mfasiri wa Kiswahili alizifikia kwa njia nyingine kabisa.

Neno lilipohamia dukani, lilimwachia "busy" nafasi tupu. Mtu anayetaka kusema "hali ya kuwa na shughuli nyingi" hakuwa tena na jina lake, kwa kuwa lile la zamani lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Basi katika karne ya 19 Waingereza wakaliunda upya, kwa vifaa vilevile, "busy" na "-ness", ila safari hii wakaiacha y ikae: "busyness". Hili lina silabi tatu kamili, BI-zi-nes. Kwa hiyo wana maneno mawili yaliyotoka tumbo moja, yanayotofautiana kwa herufi moja na silabi moja, na maana zisizokutana. Ukiandika "the business of city life" umezungumzia biashara au mambo ya maisha ya mjini. Ukiandika "the busyness of city life" umezungumzia pilikapilika zake. Programu ya kusahihisha tahajia haitakusaidia, maana yote mawili ni halali.

Ajali ya namna hiyo ilitokea pia kwa "lightning", radi, na "lightening", kufanya kitu kiwe chepesi au cheupe. La kwanza lina silabi mbili, la pili tatu, na wenyewe huyachanganya katika kuandika.

Hapa Kiswahili kimefanya kitu kinachonichekesha. Sisi tulimchukua mzazi tukamwacha mtoto. "Niko bize" imekwisha kuwa Kiswahili cha kila siku, na Kenya wengine husema "bizi". Lakini kwa mtoto hatukuwa na haja, tulikuwa na "biashara" karne nyingi kabla Mwingereza hajatia nanga pwani. Kisha vijana wakaitia "bize" ile "u-" ya dhana: "ubize". "Ubize wa kazi umenifanya nisipige simu." Bila kuketi kikao, mtaa umeunda sawia kabisa ya "busyness". Wakali wa Kiswahili sanifu wataguna. Wagune, lakini kisarufi neno limeundwa kwa njia ya halali, sawa na ubishi na ulevi.

Tukifika kwenye matumizi, kosa kubwa la wanafunzi wetu ni kushika tafsiri moja. Kamusi ndogo husema "business: biashara", mtu anafunga kitabu. Akifungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 52, atamkuta Waziri Mkuu akiitwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Cheo hicho kwa Kiingereza ni "Leader of Government Business". Uganda pia wana cheo cha jina hilo, na Bunge la Taifa la Kenya lina kamati iitwayo House Business Committee, inayopanga mambo ya kujadiliwa na yajadiliwe lini. Hakuna anayeuza kitu. Ni ile maana ya zamani, jambo linaloshughulikiwa, ambayo imehifadhiwa na lugha ya vikao na sheria, kama lugha hiyo inavyopenda kuhifadhi vya kale. Anayeandika "kiongozi wa biashara za serikali" atachekwa, na ataonewa, maana kamusi yake ndiyo iliyompoteza.

Maana hiyohiyo iko kwenye karatasi ya ajenda unayogawiwa kila kikao cha kikoba au chama. Mwishoni pameandikwa "A.O.B.", ufupisho wa "any other business", na katibu mzuri wa Kiswahili huandika "Mengineyo". Ni tafsiri nzuri sana. Haikugusa neno "biashara" wala "shughuli", ilichukua maana ikaivalisha kiambishi. "Let's get down to business" nayo ni ya kikao: salamu zimetosha, tuingie kwenye lililotuleta.

Anayesafiri "on business" amesafiri kikazi. Si lazima awe mfanyabiashara. Karani wa wizara aliyetumwa semina naye yuko "on business". Afisa wa uhamiaji akiuliza "business or pleasure?" anataka kujua kama umekuja kikazi au matembezi. Jibu kwa moja kati ya hayo mawili, usianze kumweleza mtaji wako.

Linapomaanisha biashara hasa, lina sura mbili, na hapa sarufi ina makali. Biashara kwa ujumla wake, ile kazi ya kununua na kuuza, haihesabiki: haichukui "a" na haina wingi. "We do business with them", "business is slow this month". Biashara kama kitu kimoja kinachosimama, duka, kampuni, genge la nyanya, inahesabika: "she runs a small business", "they own three businesses". Kwa hiyo "I have many business" ni kosa, na "we do a business with them" ni kosa kwa upande mwingine. Kiswahili hakikuandai kwa hilo kwa sababu "biashara" haibadiliki: biashara moja, biashara kumi. Na hapo ndipo silabi inarudi: "businesses" ina tatu, BIZ-ni-siz. Wengi huandika wingi vizuri kisha wakausoma sawa na umoja. Lazima ile "-es" isikike, la sivyo hakuna anayejua unazo ngapi.

Kisha kuna jamii ya maneno makali. "None of your business" na "mind your own business" kwa Kiswahili ni "hayakuhusu" na "shika lako". Neno linarudi pale lilipokuwa kabla ya maduka: jambo linalomshughulisha mtu. Kila mmoja na lake, na wewe lako si hili. Mwenye kiherehere, anayedokoa habari za watu, Waingereza humwita "busybody", yuleyule "busy" akiwa ametoka kwenye bidii hadi kwenye udaku. Ukali wa misemo hiyo miwili hupunguzwa na wanafunzi wengi kwa sababu waliikuta kwenye filamu, watu wakicheka. Kwa mkubwa wako, mkwe au bosi, haisemwi. Ukitaka kukwepa swali kwa adabu sema "I'd rather not talk about it", ambayo iko karibu na "hilo tuliache".

"You have no business being here" hutafsiriwa vibaya zaidi kuliko yote. Haisemi "huna biashara hapa". Inasema huna haki wala sababu ya kuwa hapa, toka. Mlinzi akikwambia hivyo getini, usianze kumwonyesha bidhaa.

Mengine yapite upesi. "She means business": hana mzaha. "Monkey business" na "funny business": ujanjaujanja. "Big business": makampuni makubwa yakitajwa kwa pamoja, mara nyingi kwa shutuma. "The business end" ya kisu ni upande wa makali, na ya bunduki ni mtutu. "He sings like nobody's business": anaimba si mchezo. Waigizaji wa jukwaani huita "business" vile vitendo vidogo visivyo na maneno, kuwasha sigara, kukunja barua, kupanga vikombe. Na ukisikia mama akisema mbwa ametoka nje "to do his business", mbwa huyo amekwenda haja. Kiswahili kilipita njia hiyohiyo: haja, kwa Kiarabu, ni hitaji au jambo, tukaipeleka chooni kwa adabu.

Safari ya ajabu kuliko zote za neno hili ilipita China. Kuanzia 1757 hadi 1842, wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari moja tu ya China, Canton, mji unaoitwa sasa Guangzhou. Pale, kati ya mabohari ya chai na hariri, Wachina na Waingereza walielewana kwa Kiingereza kilichopunguzwa: maneno machache ya Kiingereza, mpangilio mwingi wa Kichina. Vinywa vya Kikantoni navyo havikulipokea "business" lilivyo, vikaligeuza kuwa kitu ambacho Waingereza walikisikia "pigeon", yaani njiwa, na baadaye wakaandika "pidgin". Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu asili yake. "Pidgin English" ilikuwa basi Kiingereza cha biashara. Kisha wanaisimu wakalichukua jina hilo wakalitumia kwa kila lugha ya aina hiyo duniani, inayozaliwa watu wasioelewana wanapohitaji kuuziana na kuagizana kazi. Masalia ya Canton bado yamo katika msemo wa Waingereza "that's not my pigeon", yaani hilo halinihusu.

Mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu anapofika kwenye mada ya chimbuko la lugha hii, hukutana na ile nadharia ya zamani, iliyokwisha kupingwa vikali, kwamba Kiswahili kilianza kama pijini au krioli, yaani pijini iliyogeuka lugha ya mama. Huandika insha ndefu ya kuipinga, akitumia ngeli za Kibantu, msamiati wa msingi, maandishi ya kale. Hiyo "pijini" anayoipinga ni "business" iliyopita Canton, ikarudi London, ikaingia vitabuni, ikaja kwetu na mkia wa "i". Kwa hiyo neno tulilolikataa mlangoni kwa sababu tulikuwa na "biashara" limeingia kwa dirisha la chuo, na limekuja likiwa na silabi tatu.

Jambo la mwisho ni Kiingereza chetu wenyewe, cha Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kiswahili kina neno moja, mfanyabiashara, linalotosha kwa muuza vitumbua na kwa mwenye kiwanda cha saruji. Kiingereza cha Uingereza hakina neno pana hivyo: "businessman" na "businesswoman" huleta picha ya mtu wa ofisi na mikataba, mwenye kibanda ni "shopkeeper", anayetembeza bidhaa ni "hawker" au "street vendor", na "trader" yuko katikati. Sisi tumelitanua neno lifanane na letu. "My mother does business" kwetu ni sentensi kamili, na kila mtu anaelewa mama ana genge, anachoma maandazi au anafuata mitumba. Kwa mtu wa London itabaki ikining'inia, atauliza ni biashara gani. Na "business lady", neno la heshima kwenye kadi za michango ya harusi na wasifu wa wagombea, halitumiki sana huko; wao husema "businesswoman". Sioni sababu ya kuliona kosa ukiwa nyumbani. Ila kwenye barua ya maombi ya mkopo au ufadhili inayokwenda nje, andika "businesswoman", au taja kazi yenyewe: "she sells second-hand clothes". Msomaji wa huko ataelewa kwa mara moja mtaji unaombwa wa nini.